Mlinzi wa Sufuria ya Kambi

Palikuwa na mtu mwenye mwana mmoja tu, na mwana huyo alikuwa na mbio ambazo kijiji chao hakikuwahi kuziona. Mtu huyo aliitwa Ambakisye. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mwenye shamba la kutosha, nyumba ya bati na mke aliyemheshimu. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, hakuwa mtu wa kupiga watu. Nayasema haya mapema ili msije mkakaa hapo kwenye mabenchi mkimtafuta mtu mbaya katika mfano huu. Mtu mbaya hayumo. Yumo baba aliyempenda mwanawe, na mtaona upendo huo ulifanya nini.

Mwana aliitwa Gwakisa, na alicheza winga ya kulia katika timu ya kijiji. Kila mwaka, kahawa ikishavunwa na kuanikwa, kijiji hicho kilicheza mpira na kijiji cha ng'ambo ya mto. Mwaka ninaousimulia mchezo ulikuwa na uzito wa pekee. Kule chini kwenye barabara kubwa palikuwa na kiwanda cha chai chenye timu yake, na mchezaji aliyechukuliwa na timu hiyo alipewa kazi kiwandani na chumba cha kulala. Habari zilifika kwamba mwalimu wa timu ya kiwanda atakuja kutazama mchezo, na kwamba ataondoka na mchezaji mmoja. Gwakisa hakutaka kitu kingine duniani. Alikimbia kila alfajiri kupanda na kushuka mlima mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Baba yake naye alilitaka jambo hilo, na nadhani alilitaka kuliko mwana mwenyewe.

Sasa lazima niwaambie kuhusu tumbo la Ambakisye, maana mambo yote yalianzia humo. Alipokuwa kijana yeye naye alicheza mpira. Siku moja, katika mchezo huohuo wa kila mwaka, tumbo lilimkata kipindi cha pili. Akatoka uwanjani mbio ameshika kaptula, akaingia kwenye mahindi, na hakurudi. Timu yake ilifungwa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na kicheko hicho kilimfuata miaka mingi, vilabuni na hata misibani. Ukweli ni kwamba jana yake alikuwa amekula kiporo cha nyama ya msiba, nyama iliyolala kwenye sufuria bila kuchemshwa tena, na mama yake alikuwa amemwonya asiiguse. Lakini mtu aliyechekwa na kijiji kizima huona ni rahisi kuamini kwamba alirogwa kuliko kuamini kwamba alikuwa mlafi. Ambakisye aliamini alirogwa, na kadiri alivyozeeka ndivyo imani hiyo ilivyoota mizizi.

Ndiyo maana alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya ufundi ya timu, alikubali bila kujivuta. Kamati ya ufundi mnaijua. Haimfundishi mtu kupiga mpira. Kazi yake ni kuhakikisha mkono wa adui haumfikii mchezaji, na ikiwezekana mkono wa kamati yenyewe umfikie adui. Mnacheka, lakini baadhi yenu mmekaa kwenye kamati hizo, na nawajua.

Desturi ya kijiji ilikuwa hivi. Wiki ya mchezo wachezaji walikaa kambi katika ghala la zamani la ushirika wa kahawa, na kila nyumba ilipeleka chakula. Huyu alileta ndizi za maharage, huyu viazi vitamu na maziwa ya mgando, huyu wali na kuku kama alikuwa na kuku. Mwanamke mmoja aliyeitwa Bupe alikaa kambini kupokea, kupasha moto na kupika palipopungua. Chakula kilipakuliwa kwenye masinia na vijana walikula pamoja, wakijua kipi kimetoka kwa nani. Na Jumamosi ya mchezo walikula asubuhi mapema, chakula cha kushibisha kisicholemea, ili jua likifika la mchana kiwe kimeshatoka tumboni na kushuka miguuni. Jambo hilo halikuhitaji msomi. Anayekwenda kulima hula kwanza, na anayekwenda kukimbia hula kwanza vilevile.

Ambakisye aliifuta desturi hiyo siku ya kwanza ya kambi. Alisema sufuria nyingi ni mikono mingi, na kati ya mikono mingi hukosi mmoja ulionunuliwa. Akasimama mlangoni pa ghala na kuwarudisha watu na vyakula vyao. Bibi mmoja mjane alirudi nyumbani na jogoo wake kwapani, jogoo aliyemlisha mwaka mzima kwa ajili ya wiki hiyo. Alikuwa na wajukuu wawili kambini, na tangu zamani hakuwa na namna nyingine ya kuingia uwanjani ila kupitia jogoo wake. Watu walinung'unika, lakini si kwa sauti. Nani angetaka kuonekana anang'ang'ania kuwalisha wachezaji chakula kilichokataliwa? Angejitia kitanzi mwenyewe.

Ikabaki sufuria ya kambi, na Bupe. Siku chache baadaye Ambakisye alikumbuka kwamba dada yake Bupe ameolewa ng'ambo ya mto, akamwambia Bupe aondoke. Bupe alikuwa amewapikia vijana wa kijiji tangu wengine wao hawajaota ndevu. Aliuliza, kwa upole tu, kama dada yake anaweza kutia kitu kwenye sufuria akiwa huko kwa mumewe. Swali lilikuwa zuri, na Ambakisye akanyoosha mkono apewe mwiko. Bupe aliukabidhi, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaenda zake.

Kuanzia hapo Ambakisye alipika mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kupika tangu azaliwe. Alichota maji mwenyewe kwenye chemchemi. Kuni za watu alizikataa, akakata zake, mbichi, zikatoa moshi mwingi na moto mdogo. Alikaa kando ya sufuria akiwa na panga mapajani, na jicho lake halikubanduka kwenye kifuniko. Kama kutazama kungeivisha chakula, wale vijana wangekula vizuri kuliko wakuu wa nchi. Ijumaa asubuhi waliambulia ugali mbichi wenye harufu ya moshi. Ijumaa mchana aliwapakulia maharage yaliyolainika nje na kubaki magumu ndani. Gwakisa aliyatema yalipogonga meno. Wengine wenye njaa zaidi waliyameza, na kabla jua halijazama walikuwa nyuma ya ghala wakitapika.

Mwanamke yeyote kijijini angemwambia kwamba maharage mabichi humtapisha mtu. Lakini mlangoni hapakuwa na mwanamke yeyote, kwa kuwa aliwafukuza wote. Ambakisye aliwatazama vijana wakitapika na uso wake ukabadilika. "Wameingia," alisema. "Mpaka humu wameingia." Alimwaga maharage shimoni, akayafukia, akaipindua sufuria, akazima moto. Kisha akatangaza kwamba hakuna atakayetia kitu mdomoni mpaka mchezo umalizike, isipokuwa maji anayoyachota yeye. "Asiyekula," alisema, "hawezi kulishwa kitu." Kamati yake ilitikisa vichwa kukubali, na walioikubali sheria hiyo walikwenda kula majumbani kwao.

Gwakisa alisikia njaa, na aliona hofu machoni mwa baba yake. Akaihurumia ile hofu kuliko alivyolihurumia tumbo lake, akanyamaza. Alikuwa mtoto mtiifu. Mimi huwasifu watoto watiifu kila Jumapili, lakini utiifu wa siku ile siusifu.

Asubuhi ya Jumamosi, jua likiwa limeshachomoza, mama yake Gwakisa alifika kambini na kapu. Jina lake Tusekile. Alisikia kwamba vijana walilala na njaa, na hakumwomba mtu ruhusa. Alipika uji wa ulezi, akautia kwenye chupa ya chai usipoe. Alichemsha magimbi, akapika na ndizi za maziwa jinsi mwanawe alivyozipenda tangu utotoni. Akafunika kapu kwa kitambaa safi. Alipogonga mlango wa ghala, harufu ilitangulia kuingia, na vijana waliokuwa wamelala waliinuka wakakaa.

"Baba Gwakisa, nimeleta chakula cha watoto."

"Kirudishe."

"Huyo nilimzaa mimi," alisema Tusekile.

"Najua. Njiani umekutana na nani?"

Tusekile hakujua kusema uongo, na siku ile ningemsamehe kama angesema mmoja. Alijibu kwamba pale darajani alikutana na mama mmoja wa ng'ambo, wakasalimiana, na mama yule akamuuliza hali ya watoto. Ambakisye akauliza kapu lilikuwa wapi wakati wanasalimiana. Kwao mtu mzima hasalimiwi na mwenzake akiwa amebeba mzigo. Unaushusha, unainama kidogo, unatoa mikono yote miwili. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo Tusekile alivyofanya.

"Nililiweka chini," alisema, "nimpe mikono."

"Basi," alisema Ambakisye.

Hakumtukana mkewe. Nataka mwelewe hilo. Alisema naye kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza, kwamba yeye hamwogopi, anaogopa kile alichotiliwa bila kuona. Kisha akafunga mlango. Gwakisa alikuwa amesimama nyuma yake na aliyasikia yote. Tusekile aliketi nje, mgongo ukutani, kapu mapajani, mpaka uji ukapoa ndani ya chupa. Vijana walipotoka kwenda uwanjani walimpita pale chini, na kila mmoja alitazama pembeni. Mwanawe alisimama kidogo mbele yake. Baba akamwita, akaenda. Tusekile alirudi nyumbani, akakimwaga chakula kile kwenye banda la nguruwe, na alilia alipokuwa anakimwaga. Uwanjani hakwenda.

Kipindi cha kwanza, wale waliokuwepo wanasema hawajaona tena kitu kama kile. Ujana una akiba yake, na Gwakisa aliitumia yote bila kubakiza. Alimpita beki wa ng'ambo akampita tena, beki mwenyewe kijana mzuri mwenye nguvu, mpaka watu wa ng'ambo nao wakaanza kupiga makofi. Alifunga goli la mapema. Alitengeneza lingine. Mwalimu wa timu ya kiwanda, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, aliacha kutembeatembea kandokando ya uwanja akasimama mahali pamoja.

Wakati wa mapumziko alimwendea Ambakisye na kuuliza yule winga ni mtoto wa nani.

"Wangu," alisema Ambakisye.

Mwalimu akamwambia kwamba akimaliza mchezo kama alivyouanza, Jumatatu ampeleke kiwandani. Ambakisye alimshika mwalimu mkono. Machozi yalimlenga. Wakati huo upande wa pili wachezaji wa ng'ambo walikuwa wanamenya machungwa na kula ndizi mbivu, wakichekeana. Vijana wake yeye walikaa wamewapa mgongo, wanakunywa maji aliyoyachota, wanapakwa dawa nyeusi kwenye ugoko na wanakamati. Mmoja alipokea ndizi kwa mtazamaji. Ambakisye aliipokonya ikiwa imeshamenywa, akaikanyaga.

Kipindi cha pili kilianza, na miguu ikakumbuka kwamba haijala. Mwili wa mtu hauna siasa. Hauulizi nani alikataza chakula, na kwa sababu gani, na kama alikuwa na nia njema. Winga aliyekuwa anafika kwenye mpira kabla ya watu wote alianza kufika pamoja nao, kisha baada yao. Alisimama akashika magoti. Jasho lilimtoka likiwa baridi. Timu yote ilikuwa hivyo. Walianza kugombana wao kwa wao, maana mtu mwenye njaa huona kila kosa ni la mwenzake. Ng'ambo wakarudisha goli moja, wakarudisha la pili. Ambakisye alikuwa anakimbia kandokando ya mstari akipiga kelele kwamba wanatupiwa upepo, na kamati ikamwaga unga wao mweusi nyuma ya goli, na kipa akauangalia unga ule akapotewa na moyo kabisa.

Mwalimu wa kiwanda alikuwa bado amesimama palepale. Gwakisa alimwona. Alijua maisha yake yote yamesimama pale yamevaa kofia ya sufu. Mpira ulipigwa mrefu kuelekea upande wake, mpira ambao asubuhi ya siku yoyote nyingine angeufikia huku akiimba. Akaukimbilia na kile kilichobaki. Macho yalifanya giza, mguu ukachelewa kidogo tu, na beki yule wa ng'ambo alikuwa ameshaupiga mpira wakati goti la Gwakisa lilipofika pale ambapo mpira ulikuwa, likakutana na mguu wake. Refa hakupuliza faulo kwa sababu haikuwa faulo. Mlio wa goti ulisikika mpaka kwa watazamaji. Beki alipiga magoti akamkumbatia, akaanza kulia kama mtu aliyeua.

Mchezo ulisimama. Watu wa pande zote mbili waliingia uwanjani. Mama wa yule beki alikuja na kikombe cha uji, uji aliowaletea vijana wake, akapiga magoti karibu na Gwakisa, akamwinua kichwa. Alikuwa mama yuleyule aliyesalimiana na Tusekile darajani. Aliona midomo ya kijana ilivyopauka na mikono ilivyokuwa inatetemeka, na mwanamke aliyelea watoto haambiwi hiyo ni nini. Gwakisa alikuwa ameshagusa kikombe kwa mdomo wakati baba yake alipofika akikimbia, akakipiga teke. Uji ukamwagika kwenye majani.

"Usinywe," alisema Ambakisye akihema. "Ndio hao. Ndio waliokuangusha."

Gwakisa alimtazama baba yake kutoka pale chini. Maumivu yalikuwa hayajamfikia sawasawa. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza, wote walimsikia.

"Baba, mlango ulifunga wewe mwenyewe, na tangu jana sijatia kitu mdomoni. Hao wachawi wamenipitia wapi?"

Wanakamati walitazama viatu vyao. Mama wa ng'ambo aliokota kikombe chake, akakifuta kwa kanga, akasimama. Nimeambiwa kwamba kwa kitambo uso wa Ambakisye ulikuwa uso wa mtu anayekaribia kuelewa. Kama mfano ungeishia hapo ningefurahi. Lakini kuelewa kunauma, na yeye alikuwa na miaka mingi ya mazoea ya kutoelewa. "Kwa upepo," alisema hatimaye. "Wamekupitia kwa upepo." Na kamati ikatikisa vichwa.

Walimbeba Gwakisa kwenye mlango uliong'olewa ghalani, wakampeleka zahanati, na kutoka zahanati akapelekwa hospitali. Goti halikurudi. Mwalimu wa kiwanda alisubiri mpaka mwisho wa mchezo, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta, akamchukua yule beki wa ng'ambo. Wanasema beki alikwenda kuomba radhi nyumbani kwa akina Gwakisa kabla ya kuondoka, na kwamba Ambakisye hakumfungulia.

Ambakisye alimuuguza mwanawe kwa mikono yake. Alimkanda goti kwa maji ya moto na mafuta asubuhi na jioni, na alipokuwa anamkanda aliwalaani watu wa ng'ambo kwa majina. Gwakisa alinyoosha mguu na kutazama ukuta. Hakumjibu wala hakumzuia. Hakugombana naye siku hiyo wala siku yoyote iliyofuata, na hilo ndilo lililonitisha mimi niliposimuliwa, maana mtoto anayegombana nawe bado anatarajia kitu kwako. Alimwita baba kama zamani, akampa salamu zake, akamtimizia haki zake zote. Hakumwambia tena jambo lolote alilolitaka moyoni mwake.

Na Tusekile aliendelea kupika katika nyumba ile. Alipika, akapakua, akanawisha watu mikono. Lakini neno "karibu", ambalo kwetu hata mpita njia asiyejulikana huambiwa anapokuta watu wanakula, mume wake hakulisikia tena kutoka kinywani mwake. Sahani iliwekwa mbele yake, na mwenye kuiweka aliondoka. Ambakisye alikula na kushiba, na kila alipokula alikuwa peke yake ingawa chumba kilikuwa na watu.

Leo Gwakisa ni mtu mzima. Anachuma kahawa katika shamba la baba yake akiuburuta mguu kutoka mche hadi mche. Siku ya mchezo wa kila mwaka huteremka mpaka shamba la chini, lile lililo kwenye bonde, ambako kelele za uwanjani hazifiki. Hukaa huko mpaka watu warudi. Wachezaji wapya wanakaa kambi katika ghala lilelile, na mwenyekiti wa kamati bado ni yuleyule, mzee sasa, lakini macho yake bado makali. Huwasimulia habari za mwanawe ili wajihadhari. Huwaambia kwamba palikuwa na kijana hapa aliyelindwa vizuri kuliko wote, na bado walimpata. Vijana husikiliza kwa hofu, na kapu linalofika mlangoni hurudishwa.

Ndugu zangu, sikuja kuzungumza habari za mpira. Mwaka huu nimeketi na wazazi wengi wa kanisa hili, na kila mmoja anapomsifu mtoto wake humsifu kwa asichokijua. Wangu hajui kilabu. Wangu hajui marafiki. Wangu haendi kwa shangazi yake kwa sababu yule shangazi ana maneno. Wangu nimemkataza nyumba ya jirani, nimemkataza kwaya kwa sababu ya wale vijana wa sauti ya nne, nimemkataza na bibi yake kwa sababu bibi ana mambo ya kizamani. Nawasikiliza, na ninaiona sufuria imepinduliwa na moto umezimwa. Mmeketi mlangoni na panga mapajani, mmechoka, mnastahili kuhurumiwa. Huko ndani wako watoto wenu, wasafi, hawajaguswa na mtu, na jua linapanda, na mchezo wao ni leo. Wataingia uwanjani kucheza na maisha, na maisha hayapigi filimbi kumsubiri asiyekula. Hawakuambiwa mtu hupendwa vipi. Hawakuonyeshwa mtu anavyosamehe. Hawajaketi kwenye sinia moja na watu wazima wakasikia namna watu wazima wanavyovumilia mambo. Siku goti litakapovunjika mtasema ni dunia, ni utandawazi, ni wachawi, na watu watatikisa vichwa.

Mlango mmeufunga, hilo nimeliona na Mungu ameliona. Sasa wewe unayejisifu kwamba mwanao hajawahi kula sumu, umempa nini ale?